Enanga na Hedifoni: Jinsi Umeme Unavyosukuma Kiwambo Kizima

Kila bumu likiingia, hedifoni mpya zinaonekana shingoni mwa watu. Siku hizi wapo wanaolitaja neno "planari" kana kwamba ni cheo: zangu ni planari, zako za kawaida. Sasa planari ni nini hasa? Sauti yake inazidi kweli, au tunalipia jina? Somo hili linahitaji Fizikia ya sekondari tu, pamoja na chombo ambacho mtu wa Karagwe anakifahamu vizuri: enanga.

1. Tuanze na enanga

Bweranyange palikuwa makao ya wafalme wa Karagwe. Speke na Grant walipofika kwa Rumanyika mwaka 1861 waliikuta enanga ikipigwa, wakaieleza katika vitabu vyao. Ni ubao mpana uliochongwa kama sinia refu. Ukiitazama utadhani ina nyuzi nyingi, kumbe kwa kawaida ni uzi mmoja mrefu: unapita kwenye pengo la mwisho huu, unavuka, unarudi, unavuka tena. Shika picha hiyo ya uzi unaokwenda na kurudi.

2. Hedifoni ya kawaida

Ndani yake kuna kiwambo chepesi, na nyuma ya kiwambo kuna koili ndogo ya waya iliyo kwenye uga wa sumaku. Umeme wa muziki ukipita kwenye koili, koili inasukumwa mbele na nyuma, nayo inakibeba kiwambo. Tatizo ni kwamba kani inaingia kwenye duara la koili peke yake. Sehemu nyingine za kiwambo zinafuata tu, na katika sauti fulani zinajikunja au kuchelewa kidogo. Ni kama kusukuma turubai kwa ngumi moja: katikati panakwenda, pembeni panayumba.

3. Planari inafanyaje?

Hapa koili imeondolewa. Waya umelazwa juu ya kiwambo chenyewe, ambacho ni utando mwembamba sana wa plastiki. Waya huo ni mstari wa metali unaokwenda na kurudi kama uzi wa enanga, na karibu na utando zimepangwa sumaku nyembamba.

Mwanafunzi makini atauliza: umeme ukipanda kwenye mstari wa kwanza, si unashuka kwenye wa pili? Kweli kabisa. Kwa kanuni ya mkono wa kushoto ya Fleming, mstari wa kwanza ungesukumwa mbele, wa pili nyuma, na kiwambo kingebaki palepale. Suluhisho ni kuzipanga sumaku kwa zamu, ili uga nao ugeuke kila umeme unapogeuka. Vyote viwili vikigeuka pamoja, kani inabaki upande uleule. Mistari yote inasukuma kwa pamoja, na karibu eneo lote la kiwambo linatembea kama kitu kimoja.

Tofauti na enanga ni hii: uzi wa enanga unalia wenyewe ukiguswa na kidole, lakini mistari ya planari hailii. Kazi yake ni kuusukuma utando.

4. Hesabu ndogo

Kani = uga × mkondo × urefu wa waya. Chukua uga wa tesla 0.2, mkondo wa ampea 0.1 na waya wa sentimita 10 (mita 0.1). Kani ni nyutoni 0.002, kidogo mno. Ukiupitisha waya mara 20, unapata nyutoni 0.04. Ndiyo maana waya unakwenda na kurudi.

Walimu wenzangu, hili linafundishika hata shule isiyo na maabara. Kata ukanda mwembamba wa foili ya kufungia chakula, uache ulegee juu ya sumaku ya spika mbovu kutoka kwa fundi redio, kisha gusisha ncha zake na betri ya volti 1.5 kwa nukta moja tu, maana inapata moto. Foili itaruka. Geuza betri, itaruka upande wa pili.

5. Inasikikaje?

Planari nzuri ina besi inayoshuka chini bila kuvimba, na mlio unaoanza na kuisha kwa usafi. Kwenye enanga, hapo ndipo penye utamu: mguso wa kidole, kisha uzi unavyofifia chini ya sauti ya msimulizi. Profesa M. M. Mulokozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam amechunguza tendi zinazoimbwa kwa enanga. Katika tendi hizo kupotea kwa neno ni kupotea kwa kisa.

Ila tusidanganyane. Hedifoni ya kawaida iliyotengenezwa vizuri inaishinda planari mbovu. Na rekodi ya simu iliyobanwa kwa kutumwa WhatsApp mara tano haitengenezwi na hedifoni yoyote. Ukiwa na babu anayepiga enanga, anza na rekodi: weka simu karibu, kwepa upepo, na utunze faili la kwanza.

6. Kabla hujatoa hela

Teknolojia hii si ngeni. Yamaha walitoa HP-1 mwaka 1976. Angalia mambo manne:

- Umeme: planari nyingi zinakula sana. Yenye desibeli 91 kwa miliwati moja inahitaji nguvu mara kumi ya yenye 101. Simu yako inaweza kushindwa bila amplifaya.
- Uzito: sumaku nyingi zinachosha shingo.
- Uwazi: nyingi zina mgongo wazi. Maktaba nzima itasikiliza nawe.
- Masikio: Shirika la Afya Duniani linashauri desibeli 80 zisizidi saa 40 kwa wiki. Sauti safi inashawishi kuongeza, na sikio likiharibika halina spea.

Kama bumu ndilo hilohilo la chakula na stationari, hedifoni ya kawaida nzuri inatosha. Umeshaielewa planari; huhitaji kuinunua ili kuithibitisha.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini sumaku zote zikielekezwa upande mmoja planari haitalia?
2. Katika hesabu ya hapo juu, mkondo ukiongezwa mara mbili na mizunguko ikibaki 20, kani ni kiasi gani?