Maficho Hayaokoi

Ukifika Tunduma, mji ulio mpakani mwa Tanzania na Zambia, waona malori yamesimama foleni yakingoja kuvuka kwenda Nakonde. Kando ya malori hayo wako vijana: wachukuzi, matingo, wauza karanga, na wasichana waliotoka kwao kutafuta kazi. Wako wasio na nauli wala mahali pa kulala. Usiku ukiingia, mwenye kitanda aweza kuwadai malipo yasiyo ya fedha.

Twasikia watu wakisema, "Vijana wa mpakani ni wahuni." Neno hilo ni jepesi kutamka, lakini halitufundishi kitu. Umaskini huwasukuma vijana hatarini, kujificha huwamaliza.

Tutoe mfano. Mwezi Machi 2020, katika jimbo la Tete, Msumbiji, lori lililotoka Malawi lilisimamishwa na kontena lake likafunguliwa. Ndani walikuwamo Waethiopia 64 waliokwisha kufa, na wenzao 14 walio hai. Walijificha mle wasionekane na walinzi wa mpaka, na maficho yale yakawa kaburi.

Jambo kama hilo hutendeka hata pasipo kontena. Msichana aliyelazimishwa, au kijana aliyejidunga sindano ya mwenzake, aweza kuwa ameambukizwa virusi vya UKIMWI. Dawa ya kuzuia maambukizo ipo. Sharti ianzwe kabla ya saa 72 kupita, na mapema ni bora zaidi. Kisha humezwa kwa siku 28. Lakini asiye na hati za kusafiria aogopa kuulizwa atokako, na aliyekwisha kuitwa mhuni aona haya. Angoja kesho, angoja kesho kutwa. Siku ya nne, dawa ile haimfai tena.

Basi tujue kwamba matusi yetu humzidishia kijana sababu ya kujificha. Mzazi, mwanao akiaga, usiishie kumwonya. Mpe akiba ya nauli ya kurudia, mweleze habari ya saa 72, na umwahidi kwamba akiharibikiwa hatafukuzwa nyumbani. Nawe mkaaji wa mpakani, kabla ya kumwuliza mgeni amefanya nini, mwulize amelala wapi. Akiwa amepatwa na jambo, msindikize hospitali siku ile ile.

Tabia mbaya hatuna budi kuikemea. Lakini aliyetumbukia kisimani hutolewa kwanza, ndipo aonywe.