Petroli Inayovuja Wakati wa Baridi Tu: Uchunguzi wa Injini Yenye Tabochaja

Gari likinuka petroli alfajiri na likaacha kunuka ifikapo saa nne, mwenyewe hushawishika kuamini kuwa limejiponya. Akilipeleka kwa fundi mchana, fundi hufungua boneti, hupitisha kidole kwenye kila kiungo na kukikuta kikavu. Gari hurudi nyumbani, na alfajiri ya pili harufu imo tena. Hitilafu ya namna hii hujificha kwa sababu za kifizikia ambazo mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kuzifuata, na fundi asiyezijua aweza kubadilisha vipuri vingi bila kuipata.

Mfano unaojulikana vizuri ni wa Subaru Impreza WRX, gari la mwendo wa kasi lililoanza kuuzwa Marekani mwaka 2001 kama toleo la 2002. Jina la Impreza si geni Afrika ya Mashariki: Colin McRae alishinda Safari Rally ya mwaka 1997 kwa gari la jina hilo. Lakini hitilafu inayozungumzwa hapa ni ya nchi za baridi. Wamiliki wengi wa WRX katika majimbo ya kaskazini ya Marekani na katika Kanada waligundua kuwa, halijoto ishukapo chini ya kiwango cha kuganda maji, harufu ya petroli huingia ndani ya gari pamoja na hewa ya hita.

Injini yake ina silinda nne zilizolala ubavu, mbili kila upande, zenye ujazo wa sentimita za ujazo 1,994. Tabochaja ni magurudumu mawili madogo yenye mapanga, yaliyofungwa kwenye ekseli moja. Gesi ya ekzosi huzungusha gurudumu la kwanza, na la pili husukuma hewa nyingi ndani ya silinda. Hewa ikizidi, petroli nayo huongezwa, na nguvu hupatikana. Juu ya injini imekaa manifodi, yaani mabomba yanayogawia silinda hewa. Chini ya manifodi hiyo, mahali ambapo jicho halifiki, vipo vipande vifupi vya mpira vinavyounganisha mabomba ya chuma ya petroli. Kila kipande kimekazwa kwa klipu.

Harufu hii haifai kupuuzwa. Mvuke wa petroli huweza kuwaka ukiwa kiasi cha asilimia 1.4 hadi 7.6 tu ya hewa, na petroli hutoa mvuke wa kutosha kuwaka hata katika nyuzi 40 za Sentigredi chini ya sifuri. Gesi ya ekzosi iingiayo katika tabochaja inaweza kuzidi nyuzi 800 injini ifanyapo kazi ngumu, ilhali mvuke wa petroli, bila cheche yoyote, huweza kujiwasha wenyewe katika nyuzi zisizofika 300.

Kwa nini basi fundi wa mchana hauoni uvujaji? Sehemu ya jibu imo katika kanieneo. Injekta hupimiwa petroli kwa muda inaokaa wazi. Ili kipimo hicho kiwe cha kweli, tofauti ya kanieneo baina ya petroli na hewa ya manifodi haina budi kubaki ile ile, takriban kilopaskali 300. Kazi hiyo hufanywa na regyuleta, ambayo huhisi kanieneo ya manifodi kwa kijibomba chembamba. Injini inapounguruma bila mzigo, pistoni hunyonya hewa kupita valvu iliyokaribia kufungwa, na manifodi huwa pungufu ya hewa ya nje kwa kilopaskali zipatazo 65. Kwa hiyo petroli, ikilinganishwa na hewa iliyo nje ya bomba, huwa na kilopaskali 300 − 65, yaani 235. Tabochaja ikisukuma kwa nguvu, manifodi huzidi hewa ya nje kwa kilopaskali 90 hivi, na petroli hufikia 390.

Mpira haujui kinachotokea ndani ya manifodi. Wenyewe huhisi tofauti baina ya ndani yake na nje yake. Kiasi kinachopita katika tundu dogo hufuata kipeuo cha pili cha tofauti hiyo. Kipeuo cha pili cha 390/235 ni karibu 1.29. Tundu lile lile, basi, hupitisha petroli zaidi kwa asilimia 29 gari likipanda mlima kuliko likiwa limesimama gereji. Na fundi hulitazama likiwa limesimama.

Sehemu kubwa zaidi ya jibu imo katika mpira wenyewe. Mpira husinyaa kwa baridi mara kumi au zaidi kuliko chuma. Tuseme ukuta wa bomba la mpira una unene wa milimita 4, na halijoto imeshuka kutoka nyuzi 20 hadi 15 chini ya sifuri, yaani tofauti ya nyuzi 35. Kipimo cha kutanuka cha mpira kikiwa 0.00015 kwa kila nyuzi, unene hupungua kwa 4 × 0.00015 × 35, sawa na milimita 0.021. Chuma cha unene huo huo kingepungua kwa milimita 0.0017 tu. Tofauti hiyo haifiki unene wa unywele, lakini petroli ni nyepesi na huteleza kuliko maji. Haihitaji mlango mpana.

Mpira mpya hauvuji, kwa kuwa umebanwa na klipu kuliko unavyosinyaa, na wenyewe husukuma kurudi kwenye umbo lake. Mpira wa zamani umekaa miaka katika joto la injini ukiwa umebanwa mahali pamoja, na umesahau umbo uliotoka nalo kiwandani. Petroli nayo imeyanyonya polepole yale mafuta yaliyochanganywa kiwandani ili kuulainisha. Zaidi ya hayo, mpira wowote ukipozwa vya kutosha huwa mgumu kama plastiki. Katika mpira wa nitrili, unaotumika sana kwa mafuta, kadiri akrilonitrili inavyozidishwa ili kustahimili petroli, ndivyo unavyowahi kuwa mgumu kwenye baridi. Mwenye kuuchagua hulipa upande mmoja anachopata upande wa pili. Ugumu wa namna hii katika pete ya mpira ndio uliochangia kuangamia kwa chombo cha anga Challenger, tarehe 28 Januari 1986, pamoja na watu saba waliokuwamo.

Sasa mtafutaji anaweza kujua atazame lini. Gari lilale nje usiku kucha. Alfajiri, mahali pa wazi, kizima-moto kikiwa karibu na bila taa yenye waya, ufunguo uzungushwe mpaka umeme uwake tu, stata isiguswe. Pampu iliyo ndani ya tangi huzunguka kwa sekunde chache na kusimama. Kwa kuwa injini haijanyonya hewa, regyuleta hupanga kilopaskali 300 kamili, zaidi ya zile 235 za injini inayounguruma. Mpira uko katika baridi yake kali kabisa. Na tabochaja ni baridi, haiwezi kuwasha kitu. Ni nadra katika ufundi kwa saa iliyo bora ya kuona hitilafu kuwa pia saa yenye hatari ndogo.

Jaribio hilo huondoa pia shaka moja. Injini baridi hupewa petroli nyingi kupita kiasi, na isiyoungua hutoka kwenye ekzosi ikinuka. Harufu ikitokea kabla ya injini kuwaka, ekzosi haina hatia. Geji ya kanieneo husaidia, ila isiaminiwe peke yake: sindano ikishuka haraka, petroli yaweza kuwa inavuja nje, au inarudi kwenye tangi kupitia valvu mbovu ya pampu, au inadondoka ndani ya silinda kupitia injekta. Geji husema petroli imeondoka. Haisemi imekwenda wapi. Mahali hutafutwa kwa kioo kidogo, tochi, na ukanda wa karatasi nyeupe unaozungushiwa kila kiungo, kwani petroli hukauka upesi na kuacha pengine waa la kahawia tu. Rangi maalumu ikitiwa katika tangi, hung'aa chini ya tochi ya miali ya kiukaurujuani pale ilipopita.

Wengi hukaza klipu na kuridhika. Hilo huponya kwa msimu mmoja au miwili, maana mpira uliochoka hubanwa na kuchoka zaidi, na klipu ya skrubu ikikazwa mno huukata. Dawa ni mpira mpya uliotengenezwa kwa petroli ya injini za injekta, pamoja na klipu inayobana sawasawa pande zote. Manifodi haina budi kung'olewa, na hapo ndipo gharama ilipo.

Darasani jambo hili laweza kuonyeshwa bila petroli. Chukua kipande cha mpira wa zamani, ukivalishe kwenye bomba la chuma, uzibe ncha ya pili, na ukaze klipu mpaka hewa ya pampu ya baiskeli isitoke ukikitumbukiza katika maji ya kawaida. Kisha tumbukiza kiungo hicho katika mchanganyiko wa barafu iliyopondwa na chumvi, ambao hushuka hadi nyuzi 15 chini ya sifuri au zaidi bila maji yake ya chumvi kuganda. Ngoja dakika kumi, pampu tena, na utazame mapovu. Rudia kwa mpira mpya uliokazwa kwa klipu ile ile, kisha uurudishe ule wa zamani katika maji ya vuguvugu na uhesabu ni dakika ngapi zinapita kabla mapovu hayajakoma.