Okoa Gogo, Tunguu Litajiokoa: Kukomaza Ndizi Penye Sakitu

Ukipita kwenye vitongoji vya Dallas au Atlanta mwezi wa Agosti, utaiona migomba nyuma ya nyumba za watu, mirefu kukaribia paa, majani yametanda hadi yanafunika uzio. Mkungu hutauona. Waulize wenyewe, wakiwemo ndugu zetu wa Kigoma, Uvira na Bujumbura waliozaliwa katikati ya migomba, nao watakujibu kwamba baridi ya huku haikubali ndizi, mgomba ni wa kupendezesha ua tu. Sikubaliani nao, na sababu yangu ni ya hesabu kuliko ya bustani. Kiangazi cha Texas na Georgia kina joto la kuutosha mgomba na kubaki. Kinachopungua ni muda, na muda huo tunaupoteza wenyewe kila mwisho wa mwaka, kwa panga.

Tuanze na hicho tunachokiita shina. Gogo la mgomba ni maganda ya majani yaliyokumbatiana. Shina lenyewe ni lile tunguu lililofukiwa ardhini. Kila jani jipya huzaliwa huko chini, likapanda katikati ya gogo likiwa limejiviringa, kisha likafunguka juu. Mgomba hausubiri majira fulani ndipo utoe ua. Unasubiri kutimiza idadi ya majani yake, ambayo kwa jamii ya Cavendish, ndizi ile ile ya dukani, ni kama 30 hadi 40. Penye joto zuri jani moja hutoka kwa wiki moja au siku kumi. Joto likishuka chini ya nyuzi 14 hivi za Selsiasi, kazi inakaribia kusimama. Sasa piga hesabu ya Dallas. Mwisho wa Aprili hadi katikati ya Oktoba ni wiki 24, kwa hiyo sema majani 20 na ushei. Mgomba umebakiza kumi au zaidi, na kwa kawaida Novemba haiishi kabla sakitu ya kwanza haijashuka. Mwenye ua anaona majani yamenyauka, anakata gogo hadi chini, anarundika takataka juu ya tunguu, anajipongeza kwamba ameuokoa mgomba wake. Ameokoa tunguu, na majani 20 ameyatupa. Aprili chipukizi linaanza sifuri. Lile gogo la zamani lingevuka baridi likiwa zima, lingeanza mwaka likiwa na 20 kibindoni, ua lingechungulia Julai hivi, na mkungu ungekuwa na kama miezi mitatu ya joto mbele yake.

Wapo watakaosema mmea unahitaji kupumzika, kama mtufaa. Lakini mtufaa ni mti wa nchi za baridi, na usipoipata baridi yake hauchanui vizuri. Mgomba hauna usingizi wa namna hiyo. Ukipoa, umesimamishwa tu. Jambo hili halihitaji maabara ya Wamarekani, kwani nyumbani linaonekana kwenye mteremko wa Kilimanjaro: kadiri vihamba, yaani mashamba ya nyumbani, vinavyopanda mlima ndivyo mgomba unavyochelewa kuzaa, ingawa huko sakitu si tatizo. Ubaridi hurefusha safari, sakitu ndiyo inayoifuta. Wengine wataniletea Musa basjoo, mgomba unaouzwa kwenye vitalu vya huku kwa sifa ya kustahimili theluji. Ni kweli, tunguu lake likifunikwa vizuri huvuka baridi kali sana. Tunda lake limejaa mbegu na nyama yake ni ya kutafutwa. Ukitaka kivuli, nunua huo.

Kuna njia mbili za kulivusha gogo. Ya kwanza ni kuliacha pale pale na kulivika. Usiku mmoja wa nyuzi sifuri huunguza majani, nayo si hasara kubwa, yangekufa vyovyote. Gogo lenyewe hudhurika baridi ikishuka nyuzi kadhaa chini ya hapo na kukaa. Kabla ya usiku huo kata majani yote, zungusha waya wa kuku ukiacha nafasi ya mkono mzima kila upande, urefu wa mita moja na nusu au zaidi, kisha shindilia majani makavu ya miti au nyasi kavu. Juu weka kipande cha bati au turubai, maana adui wa pili ni maji: majani yakilowa hayashiki joto, na gogo linaoza ndani yake kama mhogo ulioachwa kwenye ndoo. Usilifunge gogo kwa nailoni moja kwa moja, litatoa jasho. Wengine huzungusha taa za Krismasi ndani ya waya, na wazo ni zuri ikiwa ni balbu za zamani zinazotoa joto. Hizi za LED zitakumulikia gogo lako linavyoganda.

Machi ikiisha na sakitu ikiwa imekwenda zake, fungua. Juu utakuta pamelainika na kunuka, na hapo ndipo watu wengi hukata tamaa na kufyeka kila kitu. Chukua kisu kikali, anza kileleni, kata vipande vya unene wa kidole. Pete za nje zitakuwa za kahawia, zinachuruzika maji. Endelea kushuka kipande kwa kipande. Ukifika mahali ambapo kile kitovu kidogo cha katikati ni cheupe na kigumu, weka kisu chini. Kukiwa na joto, kesho yake utakikuta kimesukumwa juu ya mkato kama ncha ya kidole, kimeyapita maganda yaliyokizunguka. Hilo ni jani la 21.

Njia ya pili ni kung'oa, na mimi naipendelea kwa migomba mifupi. Cavendish kibeti haipiti kimo cha mtu kwa kiasi kikubwa, kwa hiyo watu wawili wenye sepetu wanatosha. Kata majani uache lile lililojiviringa, ng'oa na tunguu lake, kung'uta udongo, acha likauke kivulini siku chache, kisha lisimamishe au lilaze gerejini au chini ya nyumba mahali ambapo hapagandi wala hapana joto la sebuleni. Halihitaji mwanga wala maji hadi masika. Linaonekana limekufa na halijafa. Pipa lenye udongo nalo linafaa, mradi ujue kwamba mgomba wa pipa hukua polepole na sebule ya Desemba haina jua la kuukuza.

Aina ya mgomba ina uzito wake, ingawa si kama wauzaji wanavyodai. Migomba yenye damu nyingi ya Musa balbisiana, ile inayoandikwa ABB, kundi la bokoboko wetu, huvumilia baridi na ukame kuliko Cavendish. Huku, katika kundi hilo utakutana na Orinoco. Veinte Cohol, aina nyingine, husifiwa kwa kuzaa mapema. Lakini aina bora kwenye gogo lililokatwa kila mwaka haina faida. Na kwa wanaowaza kuficha chipukizi la nyumbani kwenye sanduku la nguo: acheni. Mnyauko na magonjwa mengine ya migomba husafiri na machipukizi, na zuio la karantini halikuwekwa ili kutukomoa.

Kiangazi kazi ni ndogo ila inataka ukali. Acha gogo moja kwa kila tunguu. Machipukizi yatatoka matano, sita, nayo yote yananyonya tunguu moja. Yaondoe yote hadi ua litoke, ndipo uache mrithi mmoja, lile jembamba lenye majani kama upanga. Maji mengi, samadi nyingi, na majivu kidogo kwa ajili ya potashi kama udongo wako si wa magadi. Usikate majani mabichi kwa ajili ya kufungia vyakula, hata kama kuna harusi. Mkungu hujazwa na majani, na mgomba unaotoa ua unataka angalau manane mazima.

Ua likishatoka, lugha yetu inatusaidia kuliko vitabu vya bustani. Sisi tunatofautisha kukomaa na kuiva. Anayengoja ndizi iwe ya njano mtini akiwa Atlanta anajitafutia hasara, kwa sababu kinachotakiwa nje ni kukomaa tu. Ndizi hukomaa pembe zake zikianza kupotea, tunda likawa duara, na kile kikavu cha ua kwenye ncha kikavunjika kwa kuguswa. Hapo kata mkungu mzima, ingiza ndani, vundika. Wazee wa pwani huvundika shimoni. Wewe tumia boksi sebuleni, nyuzi 18 hadi 20, na matufaa mawili yaliyoiva ili gesi yake iziamshe. Usiuache mkungu nje kwenye usiku wa chini ya nyuzi 12, kwani ganda hupata weusi na ndizi ikakataa kuiva sawasawa. Ua likichelewa hadi Agosti, bakiza chane tatu za juu na ukate zilizobaki pamoja na ua dume. Na zikibaki changa hata hivyo, sisi si watu wa kulia: zinamenywa, zinapikwa na nyama.

Hoja ngumu zaidi ni ya nyumba ya vioo: si ndiyo njia ya uhakika? Ni ya uhakika kwa mwenye joto la bure au mfuko mnene. Cavendish yenyewe ilipata jina na umaarufu wake Uingereza, katika miaka ya 1830, kwenye nyumba ya vioo ya Chatsworth ambako Joseph Paxton aliikuza kwa gharama ya tajiri William Cavendish. Iceland wanaivisha ndizi kwa joto la maji ya ardhini huko Hveragerði, na bado uchache wa jua huufanya mgomba uchukue hadi miaka miwili. Mwenye ua wa kawaida Georgia ana jua ambalo Iceland hawana. Anachokosa ni waya. Nakubali kwamba waya una mwisho wake. Februari 2021 Dallas ilishuka hadi nyuzi 19 chini ya sifuri, na hapo majani makavu peke yake hayatoshi. Ndiyo maana ukiwa na magogo matatu, vika mawili nje na ung'oe moja ulilaze gerejini.

Kwa hiyo ukiwa unasoma haya Septemba na mgomba wako una majani 20, nunua waya wiki hii. Muda si mrefu majirani watafagia majani ya miti yao na kuyapanga barabarani kwenye mifuko ili yachukuliwe na gari la taka. Pita kabla ya gari.