Kukamua Alizeti kwa Mkono

Umevuna alizeti. Mnunuzi anakuja, anachukua gunia kwa bei ndogo. Baadaye unanunua mafuta dukani kwa bei kubwa. Mafuta hayo unaweza kuyakamua hapo kijijini.

Mwaka 1985 fundi Carl Bielenberg alibuni mashine ya mkono hapa Tanzania. Haihitaji injini wala dizeli. Ina mpini mrefu wa chuma. Ukiuinua, mbegu zinaingia. Ukiushusha kwa nguvu, mchi wa chuma unasukuma mbegu ndani ya bomba lenye nyufa nyembamba. Mafuta yanatoka kwenye nyufa. Mashudu yanatokea mbele.

Pepeta mbegu vizuri, maana mchanga unakula chuma. Chagua mbegu zenye ganda laini, kama zile ziitwazo Record. Kisha zianike juani mpaka zipate moto, na uzikamue zikiwa bado na moto. Wengi hawajali jambo hili. Hukamua asubuhi, mbegu zikiwa baridi, halafu hulaumu mashine. Mbegu baridi hutoa mafuta kidogo, na mikono inachoka bure.

Mbele ya bomba kuna kizibo cha kukaza. Ukikilegeza sana, mashudu yanatoka na mafuta yake. Ukikikaza mno, mpini haushuki. Kaza kidogo kidogo.

Ukimaliza kazi, toa mashudu yote. Yakilala ndani yanakauka na kuziba bomba. Wape kuku na ng'ombe.

Mafuta yaache yatulie mpaka uchafu uzame. Yachuje kwa kitambaa safi, uyatie katika chombo kikavu chenye kifuniko.