Pesa ya Shaba Yenye Tai

Swali: Marehemu babu alituachia sarafu ya shaba, upande mmoja ina tai na wa pili maandishi ya Kiarabu. Je, ni ya Zanzibar au ya Bara Hindi?
Msomaji, Kiomboi, Singida

Jibu: Si ya Zanzibar wala ya Hindi, ingawa ni jamaa ya zote mbili. Hiyo ni pesa ya Shirika la Kijerumani la Afrika Mashariki, iliyopigwa kati ya 1890 na 1892, na ndani ya shada la majani mtaona jina la shirika kwa hati ya Kiarabu pamoja na mwaka wa Hijra, 1307, 1308 au 1309. Nao Wajerumani, kwa kuwa waliwakuta watu wa mwambao wamekwisha kuzoea rupia ya Hindi na vipande vyake vya shaba, waliifuata hesabu iliyokuwapo, pesa 64 kwa rupia moja. Ile ya Zanzibar, aliyoiamuru Sayyid Barghash mwaka 1299, yaani 1882, ina mizani, alama iliyotangulia kuonekana katika pesa za Bombay za Kampuni ya Kiingereza; nami kwa dhati yangu naiona hiyo kuwa nzuri kuliko zote. Mwaka 1904 serikali ya Kijerumani ikaigawa rupia kwa heller 100, na hesabu ya 64 ikabatilika. Tafadhali msiisugue kwa majivu na ndimu, maana rangi yake ya kahawia ndiyo wanunuzi huitazama kwanza.