Mionzi ya CT-Scan kwa Mtoto Ipimwe kwa Umbo Lake

Mtoto mchungaji akipigwa teke la kichwa na punda, akapoteza fahamu na kutapika mfululizo, huenda akapewa rufaa kutoka Malambo kwenda hospitali yenye mashine ya CT-Scan. Mzazi hujiuliza: je, mionzi hiyo haitamdhuru mwanangu?

Swali hilo lina msingi. Mwaka 2012, jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha utafiti uliofuatilia watoto na vijana zaidi ya 170,000 nchini Uingereza waliopigwa picha za CT-Scan kati ya mwaka 1985 na 2002. Watafiti walikadiria kwamba, kwa kila watoto 10,000 wenye umri chini ya miaka 10 wanaopigwa picha ya kichwa, mmoja zaidi huugua saratani ya damu na mmoja zaidi hupata uvimbe wa ubongo ndani ya miaka 10. Hatari hiyo ni ndogo, lakini ipo. Seli za mtoto hugawanyika kwa kasi, na bado ana miaka mingi ya kuishi ambamo madhara yanaweza kujitokeza.

Mashine hupangwaje?

Mwili mdogo hupenywa na mionzi kwa urahisi, hivyo picha nzuri hupatikana kwa mionzi michache. Mtaalamu wa radiolojia huzingatia umri, uzito na unene wa mtoto, kisha hupunguza mkondo wa umeme wa mashine, unaopimwa kwa miliampia. Mkondo ukipunguzwa kwa nusu, mionzi nayo hupungua kwa nusu. Aidha, anaweza kushusha nguvu ya umeme kutoka kilovolti 120 hadi 100 au 80, na kupiga picha sehemu inayohitajika tu.

Nchini Tanzania, matumizi ya mionzi husimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomiki, kwa mujibu wa Sheria Na. 7 ya mwaka 2003.

Wajibu wa mzazi au mlezi

1. Abebe kadi ya kliniki yenye uzito wa mtoto.
2. Aulize iwapo kipimo kisicho na mionzi, kama altrasaundi, kinatosha.
3. Aulize iwapo mashine imepangwa kwa kiwango cha mtoto.
4. Amtulize mtoto, kwani akitikisika picha huharibika na huenda ikarudiwa.
5. Atunze picha na majibu, ili hospitali nyingine isilazimike kurudia kipimo.
6. Mama mjamzito asiingie chumba cha mionzi. Ndugu mwingine amshike mtoto.

Pamoja na tahadhari hizo, mzazi asikatae kipimo ambacho daktari ameona ni cha lazima. Damu inayovuja ndani ya fuvu inaweza kuua kwa saa chache, na CT-Scan huionesha kwa dakika chache. Jambo la kusisitiza ni kwamba kipimo kifanyike kwa sababu ya msingi, na kwa kiwango kinachomfaa mtoto.