Kifua Kikuu: Sababu ya Kutumia Dawa Kadhaa kwa Pamoja

Mwaka 1947 madaktari wa Uingereza waliwajaribia wagonjwa wa kifua kikuu dawa iliyokuwa mpya wakati huo, streptomaisini. Baada ya miezi 6, kati ya wagonjwa 55 waliopewa dawa hiyo walikuwa wamefariki 4; kati ya 52 wasiopewa, 14. Hata hivyo, mafanikio hayo hayakudumu. Wengi wa waliotibiwa walionekana kuwa na bakteria sugu, yaani wasiodhurika tena na dawa hiyo.

Usugu huo hauletwi na dawa yenyewe. Bakteria wanapogawanyika, mara chache hutokea badiliko katika chembe za urithi. Kwa makadirio, bakteria mmoja katika 1,000,000 huwa sugu kwa isoniazidi, na mmoja katika 100,000,000 huwa sugu kwa rifampisini. Pango moja katika pafu laweza kuwa na bakteria 100,000,000. Mgonjwa akipewa isoniazidi peke yake, watasalia sugu 100 hivi, nao watazaana na kulijaza pango upya.

Akipewa dawa zote mbili, hesabu hubadilika. Kwa kuwa mabadiliko hayo mawili hayategemeani, uwezekano wa bakteria mmoja kuwa nayo yote hupatikana kwa kuzidisha: 1 katika 100,000,000,000,000. Idadi hiyo yazidi mno bakteria wote waliomo pangoni. Basi aliye sugu kwa dawa ya kwanza huuawa na ya pili.

Zaidi ya hayo, dawa hugawana kazi. Isoniazidi huwaua upesi bakteria wanaogawanyika. Rifampisini huwaua hata wanaoamka kwa vipindi. Pirazinamidi huwaua waliomo penye asidi. Majaribio yaliyofanywa Kenya, Tanzania, Uganda na Zambia, ambayo matokeo yake yalianza kutangazwa mwaka 1972, yalionyesha kwamba mchanganyiko ufaao waweza kupunguza muda wa tiba kutoka miezi 18 hadi 6.

Mgonjwa huona nafuu baada ya majuma machache, ilhali baadhi ya bakteria wangali hai. Akiacha dawa mapema, au akimeza moja na kuziacha nyingine, huwapa nafasi hao waliosalia, na aweza kuwaambukiza jamaa zake ugonjwa ambao tayari ni sugu.

Zoezi: Pango lina bakteria 1,000,000,000. Wangapi watarajiwa kuwa sugu kwa isoniazidi? Wangapi kwa rifampisini? Wangapi kwa zote mbili?